Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Makandarasi, Makandarasi Wasaidizi na Sheria za Ujenzi Tanzania

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo makandarasi huuliza tena na tena, mara nyingi baada ya kazi kukamilika na fedha kutoonekana. Majibu yanahusu Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria zake za mikataba na usajili wa makandarasi. Pale jambo moja linapogusa maswali mawili, tumeelekeza kwa namba badala ya kurudia. Mwenye shauri lililokwisha kuwa mgogoro apeleke nyaraka zake kwa wakili kabla ya kuandika barua yoyote kali.

## Mambo ya msingi

1. Mkandarasi msaidizi ni nani, na ana tofauti gani na kibarua au fundi wa saiti?

Mkandarasi msaidizi, ambaye saiti wengi humwita sabukontrakta, ni mtu au kampuni inayochukua sehemu ya kazi ya mkandarasi mkuu kwa mkataba wake yenyewe na kwa hatari yake yenyewe: mabomba, umeme, vioo, paa, nguzo za msingi. Yeye hana mkataba na mwenye mradi. Mkataba wake ni na mkandarasi mkuu, na jambo hilo ndilo chanzo cha maswali mengi yanayofuata.

Wapo pia makandarasi wasaidizi walioteuliwa na mteja au mshauri elekezi wake. Hata hao kwa kawaida husaini na mkandarasi mkuu, ingawa mkataba mkuu unaweza kuwapa ulinzi wa ziada katika malipo (tazama swali la 6).

Tahadhari iwepo kwa yule anayeleta nguvukazi tu bila vifaa wala usimamizi wake. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinadhania kuwa mtu ni mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, namna na saa zake za kufanya kazi zinaongozwa na mwingine au anategemea vifaa vya huyo mwingine. Kumwita mtu sabukontrakta kwenye karatasi hakubadilishi hali hiyo.

2. Je, mkandarasi msaidizi naye anapaswa kusajiliwa?

Ndiyo. Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Namba 17 ya mwaka 1997, inakataza kufanya biashara ya ukandarasi bila usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), na haimwachi nje mtu kwa sababu tu kazi ameipata kwa mkandarasi mwenzake. Usajili ni wa aina ya kazi, yaani majengo, kazi za kihandisi, mitambo, umeme au kazi maalumu, na pia ni wa daraja. Majengo na kazi za kihandisi yana madaraja saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja. Kwa kuwa vikomo hivyo hubadilishwa, soma jedwali la Bodi linalotumika siku unayoomba kazi, usitegemee lile ulilolikariri zamani.

Athari ya kufanya kazi bila usajili haiishii kwenye faini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 23, hubatilisha makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria. Mdaiwa anaweza kuitumia hoja hiyo kukataa kulipa kazi ambayo tayari anaitumia.

3. Tulikubaliana kwa mdomo na kazi nikaifanya. Nina mkataba?

Kwa kazi ya kawaida kati ya watu binafsi, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba kamili. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinataka hiari ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Hakitaki maandishi kwa kila mkataba. Linalokushinda ni kuthibitisha. Bei ilikuwa ipi? Saruji ilikuwa ya nani? Kazi ilipaswa kwisha lini?

Hata pale bei inaposhindikana kuthibitishwa, kifungu cha 70 kinampa haki mtu aliyefanya jambo halali kwa ajili ya mwingine bila nia ya kulifanya bure, ikiwa huyo mwingine amefaidika nalo: aliyefaidika anapaswa kulipa fidia. Ni kifungu chenye huruma, lakini kinampa mdai thamani inayofaa ya kazi, siyo lazima bei aliyoitarajia, na humlazimu kuleta vipimo na mara nyingi mkadiriaji majenzi wa kutoa ushahidi.

4. Mkataba wetu haukulipiwa ushuru wa stempu. Umebatilika?

Haukubatilika, ila una kasoro ya ushahidi. Chini ya kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushuru wa Stempu, hati inayopaswa kulipiwa ushuru na isiyolipiwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi hadi ushuru na adhabu yake vilipwe. Lipa mapema, maana mpinzani wako ataikumbuka stempu siku ya kusikilizwa shauri.

## Malipo

5. Mkandarasi mkuu anasema, “Nikilipwa na mimi nitakulipa.” Sheria inamruhusu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Jibu lake linategemea maneno yaliyomo kwenye mkataba wako. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1996 ambayo, kwa ujumla, inafuta masharti ya namna hii katika mikataba ya ujenzi, isipokuwa pale anayemlipa mkandarasi mkuu anapofilisika. Tanzania haina sheria mahususi ya malipo ya ujenzi inayofanana na hiyo, hivyo tunarudi kwenye Sheria ya Mikataba.

Kama mkataba wako haukusema lolote, malipo ya mkandarasi mkuu hayakuhusu. Yeye ndiye aliyekuahidi, na ahadi isiyotajiwa muda inapaswa kutekelezwa ndani ya muda unaofaa. Kauli aliyoitoa saiti baada ya kusaini haigeuki kuwa sharti la mkataba.

Kama mkataba unasema utalipwa “baada ya siku 14 tangu mkandarasi mkuu apokee malipo,” kuna hoja nzuri kwamba maneno hayo yanapanga wakati wa kulipa na hayafuti deni. Lakini kama yanasema utalipwa “iwapo tu na endapo tu” mteja atalipa, uko hatarini kweli. Kifungu cha 32 kinasema mkataba unaotegemea tukio la baadaye lisilo na uhakika hauwezi kutekelezwa kisheria mpaka tukio hilo litokee, na mkandarasi mkuu atakishika kifungu hicho kwa mikono miwili.

Kinga ni ndogo na haina gharama, nayo huwekwa kabla ya kusaini. Omba iongezwe tarehe ya mwisho: “au siku 60 tangu kazi ipimwe na kukubaliwa, lolote litakalotangulia.” Omba pia sharti lisitumike pale ambapo mteja amezuia fedha kwa kosa la mkandarasi mkuu mwenyewe. Si haki fundi wa mabomba aliyemaliza kazi yake vizuri abebe adhabu ya zege la mtu mwingine, na mkandarasi mkuu mwaminifu hatakuwa na sababu ya kulikataa ombi hilo.

6. Naweza kumdai mteja moja kwa moja?

Kwa kawaida huwezi, kwa sababu mkataba huwafunga walioingia humo tu. Njia tatu hubaki wazi. Ya kwanza ni ibara ya mkataba mkuu inayomruhusu mteja kumlipa msaidizi moja kwa moja. Katika masharti ya mkataba ya FIDIC (Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri) ya mwaka 1999, kwa mfano, ibara ya 5.4 humwezesha mhandisi kudai uthibitisho kwamba mkandarasi msaidizi aliyeteuliwa amelipwa, na usipopatikana mteja anaweza kumlipa mwenyewe. Ya pili ni makubaliano ya pande tatu yanayosainiwa kabla ya matatizo. Ya tatu ni mkandarasi mkuu kukuhamishia kwa maandishi haki ya sehemu ya fedha anazodai, pale ambapo mkataba mkuu haukatazi.

Barua ya malalamiko kwa mteja haileti haki ya kudai, lakini mara nyingi humfanya aulize maswali kwenye kikao cha saiti. Iandike kwa adabu, ukitaja tarehe, kazi na kiasi tu.

7. Nimekatwa fedha nyingi kwenye cheti changu cha malipo. Makato gani ni halali?

Makato ya kimkataba ni halali ikiwa yameandikwa kwenye mkataba *wako*. Haitoshi kwamba yamo kwenye mkataba mkuu. Haya ni pamoja na urejeshaji wa malipo ya awali, retensheni (swali la 8) na fidia ya ucheleweshaji (swali la 13).

Kodi ya zuio, yaani ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa, ni jambo la sheria, na watu wengi huikokotoa vibaya. Kiwango kwa huduma ni asilimia 5, lakini katika kazi za ujenzi malipo hugawanywa kwa uwiano wa 3 kwa 2 kati ya vifaa na huduma, na kodi hukatwa kwenye sehemu ya huduma tu. Kwa malipo ya shilingi 50,000,000, sehemu ya huduma ni shilingi 20,000,000 na kodi yake ni shilingi 1,000,000. Ukiona umekatwa 2,500,000, uliza. Dai pia cheti cha kodi iliyozuiliwa, kwa kuwa bila hicho ni vigumu kuidai fedha hiyo kama kodi uliyokwisha kuilipa.

8. Retensheni yangu inarudi lini?

Retensheni ni sehemu ya kila malipo inayobakizwa kama kinga dhidi ya kasoro. Mikataba mingi hurudisha nusu kazi inapokabidhiwa na nusu nyingine mwisho wa kipindi cha uangalizi, yaani muda baada ya makabidhiano ambapo mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro. Ugumu wa mkandarasi msaidizi ni kwamba makabidhiano yanayohesabiwa mara nyingi ni ya mradi mzima. Aliyechimba na kumwaga nguzo za msingi mwezi wa pili anaweza kusubiri jengo la ghorofa kumi lipakwe rangi. Jadili tarehe yako mwenyewe, au omba kubadilisha retensheni kwa dhamana ya benki au ya bima.

9. Sijalipwa kwa miezi mitatu. Naweza kusimamisha kazi?

Usisimamishe kabla ya kusoma mkataba wako. Masharti ya FIDIC ya mwaka 1999, ibara ya 16.1, humpa mkandarasi haki ya kusimamisha au kupunguza kasi asipolipwa, baada ya taarifa ya siku zisizopungua 21. Haki hiyo ni ya aliyesaini mkataba wenye ibara hiyo. Mkataba wa msaidizi usiokuwa nayo haumpi, na akiondoka saiti kwa hasira anaweza kugeuka yeye ndiye aliyevunja mkataba, akadaiwa gharama ya kumleta mtu mwingine.

Penye ibara, fuata hatua kwa mpangilio: taarifa ya maandishi inayotaja ibara, cheti na kiasi, kisha siku zilizowekwa, na ndipo usimamishe. Pasipo na ibara, kutolipa kwa muda mrefu kunaweza kuwa uvunjaji mkubwa wa mkataba unaokuruhusu kujitoa, lakini uamuzi huo usiufanye bila wakili.

## Mabadiliko ya kazi, muda na madai

10. Mhandisi aliniagiza kwa mdomo nihamishe ukuta. Sasa hakuna anayekumbuka.

Kwanza, uliza kama mhandisi huyo alikuwa na mamlaka ya kukuagiza wewe. Mhandisi wa mteja humwagiza mkandarasi mkuu, na msaidizi anayepokea agizo kutoka juu bila kupitia kwa mkuu wake anaweza kukosa mtu wa kumlipa.

Pili, jioni ileile andika uthibitisho: “Leo saa nne asubuhi umeniagiza kuhamisha ukuta wa chumba namba 3. Nitaanza kesho. Nitawasilisha bei ndani ya siku tano. Kama si sahihi, nijulishe kabla ya kesho saa mbili asubuhi.” Mikataba kadhaa inatambua uthibitisho usiopingwa kama agizo la maandishi, na hata usipotambuliwa hivyo, unabaki ushahidi wa siku hiyo.

11. Maagizo yote yako kwenye WhatsApp. Mahakama itayakubali?

Inaweza kuyakubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inasema ujumbe wa data haukataliwi kama ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Uzito wake unategemea namna ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na mtumaji alivyotambulishwa. Kwa hiyo tunza simu yenyewe, hifadhi mazungumzo yote bila kuchagua yanayokupendeza, na usifute ujumbe wako uliojibu vibaya. Ukiweza, agizo la WhatsApp lithibitishe kwa baruapepe, maana msimamizi anaweza kuhama kampuni na namba yake ikahama naye.

12. “Siku 28” zinazotajwa kila mara ni zipi?

Ni muda wa kutoa taarifa ya dai. Katika FIDIC ya mwaka 1999, ibara ya 20.1 inamtaka mkandarasi anayetaka nyongeza ya muda au fedha atoe taarifa si zaidi ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio husika. Asipofanya hivyo, hapati muda wala malipo. Toleo la mwaka 2017 limehamishia utaratibu huo kwenye ibara ya 20.2 na kubakiza siku zilezile. Masharti haya hutumika sana katika miradi mikubwa, ikiwemo inayogharamiwa na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Taarifa haihitaji hesabu kamili. Aya mbili zinazotaja tukio, tarehe na ibara zinatosha, na maelezo ya kina hufuata ndani ya siku 42 kwa toleo la 1999 na siku 84 kwa toleo la 2017. Kinachowaponza watu ni kusubiri hesabu ikamilike, au kuogopa kumkera mshauri elekezi.

Kwa mkandarasi msaidizi kuna mtego mwingine. Mikataba midogo mingi hunakili siku 28 kutoka mkataba mkuu. Ukimpa mkuu wako taarifa siku ya 27, amebakiwa na siku moja kumfikia mhandisi, na akichelewa atakwambia dai limekufa juu. Wekeni siku 14 katika mkataba wa chini. Ninyi wawili mnanufaika, na hii ni moja ya sehemu chache ambapo muda mfupi ni rafiki wa mdogo.

13. Mkuu ananikata fidia ya ucheleweshaji ileile anayokatwa na mteja. Ni sawa?

Ni lazima iwe imekubaliwa kwenye mkataba wako, au athibitishe hasara aliyoipata kwa sababu yako chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba. Hata ikikubaliwa, kifungu cha 74 kinampa mdai fidia *inayofaa* isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kiasi kilichoandikwa ni dari. Kama wasaidizi wanne wamechelewesha kwa sehemu mbalimbali, hana msingi wa kumkata kila mmoja fidia nzima ya siku. Onyesha kwa kitabu cha kumbukumbu za saiti siku ambazo eneo lako halikuwa tayari.

## Usalama na kasoro

14. Mfanyakazi wa msaidizi ameumia. Nani anawajibika?

Mwajiri wake ndiye anayepaswa kuwa amesajiliwa na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, na ndiye anayeripoti ajali. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, haiishii kwa mwajiri mmoja, kwa kuwa anayetawala eneo la kazi naye ana wajibu kwa waliomo. Mkandarasi mkuu asiyekagua jukwaa la kupandia kwa madai kwamba “ni la sabukontrakta” hajitoi kwenye lawama.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Anayefikiri ukaguzi ni usumbufu wa watu wa ofisini aikumbuke tarehe hiyo.

15. Kasoro imeonekana baada ya kipindi cha uangalizi kwisha. Nimeshaachiliwa?

Si lazima. Kwisha kwa kipindi hicho kwa kawaida huondoa haki na wajibu wako wa kurudi kurekebisha, lakini dai la fidia kwa kuvunja mkataba linaweza kuendelea hadi muda wa kisheria uishe (swali la 18).

## Migogoro

16. Niende mahakamani au kwenye usuluhishi?

Kama mkataba una ibara ya usuluhishi, yaani mgogoro kuamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama, mwenzako anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi ili mwende huko. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 ndiyo inayotumika sasa, baada ya kufuta ile ya mwaka 1931. Baraza la Taifa la Ujenzi lina kanuni zake za usuluhishi zinazotajwa kwenye mikataba mingi ya majengo, hivyo angalia ibara inataja chombo gani na nani humteua msuluhishi.

Kwa dai dogo, gharama ya msuluhishi inaweza kumeza deni lenyewe. Upatanishi mbele ya mtu anayeheshimiwa na pande zote, ukiishia kwenye hati iliyosainiwa, mara nyingi hurudisha fedha mapema zaidi.

17. Mteja ni halmashauri au taasisi ya Serikali. Kuna la ziada?

Lipo, na limezika mashauri mengi. Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka taarifa ya siku zisizopungua 90 kabla ya kushtaki, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, utaratibu huo unahusu pia serikali za mitaa na mashirika ya umma, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe katika shauri, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu.

18. Nina muda gani wa kushtaki?

Dai la mkataba lina miaka 6 chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na dai la madhara nje ya mkataba lina miaka 3. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya tangu siku ya kukiri. Ndiyo maana barua ya “tunaomba mtuvumilie, deni tunalitambua” isitupwe.

Madai ya wafanyakazi yana muda mfupi sana: siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo halali na siku 60 kwa migogoro mingine, kupitia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

## Hali zisizo za kawaida

19. Mkandarasi mkuu amefilisika nikiwa nadai. Nifanye nini?

Wasilisha dai lako kwa mfilisi mara moja. Usipokuwa na dhamana, unasimama pamoja na wadai wa kawaida. Retensheni yako kwa kawaida si fedha iliyotengwa kwa jina lako, isipokuwa mkataba uliitenga kwenye akaunti maalumu. Vifaa vyako visivyofungwa kwenye jengo vitambue kwa orodha na picha kabla saiti haijafungwa, kisha urejee swali la 6.

20. Nilimwazima rafiki cheti changu cha CRB naye akapata kazi. Kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Kwa mteja, mkandarasi ni wewe: kasoro, ajali, kodi na fidia zitakufuata, na Bodi inaweza kuchukua hatua dhidi ya usajili wako. Mnaotaka kufanya kazi pamoja ingieni ubia ulioandikwa na kutambuliwa na Bodi.

21. Tumepata kazi Kenya. Majibu haya yanatumika huko?

Kanuni nyingi za mkataba zinafanana, na ukomo wa dai la mkataba ni miaka 6 vilevile, lakini usajili ni tofauti. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ina madaraja manane, kuanzia NCA 1 la juu hadi NCA 8. Kanuni zake za mwaka 2014 zinamtaka mkandarasi wa kigeni aahidi kuwapa makandarasi wa Kenya kazi isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya mkataba pale asipoingia ubia na kampuni ya huko. Asilimia hiyo iingizwe kwenye bei ya zabuni tangu mwanzo, pamoja na majina ya wasaidizi mnaokusudia kuwatumia.